Ndefu Saba, Fupi Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Nilipostaafu masjala walinizawadia madaftari sita ya jalada gumu, yakalala kabatini miaka miwili. Mtu aliyefungua na kufunga majalada ya ofisi miaka thelathini na moja, vidole humwasha akikaa bure.

Naandikia kwenye kibanda cha mume wangu. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo. Yeye huniita Karani, hata mbele ya wageni. Ametengeneza redio, televisheni na video tangu kabla hatujaoana, na sasa macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mwaka jana daktari alimweleza kwamba upasuaji wake ni wa muda mfupi, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Akamjibu kwamba macho haya yamehudumia nusu ya mji na hayaguswi na mtu. Hakurudi tena.

Kwa hiyo naandika mezani pake, yeye akiwa upande wa pili, na naandika nipendalo. Kwake ukurasa ni ukungu mtupu. Kwa mfano: Fundi hukoroma akiwa amekaa, kisha hubisha.

Ameniuliza naandika nini. Nimemjibu, orodha ya vifaa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mteja mmoja, naye alikuwa anajikinga tu na mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Leo amekuja mshonaji wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye cherehani mbili na ulimi wa tatu. Leo ulimi ulikuwa umelala. Alikuwa na mkokoteni, na juu yake televisheni ndogo ya zamani imefunikwa kwa nailoni, ya aina ile yenye video humo humo, mdomo wa kanda uko chini ya kioo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Imekufa au inaumwa tu?"

"Inawaka. Lakini imemeza kanda na haitaki kuitapika."

Akaeleza. Televisheni alipewa na kaka yake alipohama, akaambiwa ni nzima, ingawa kaka mwenyewe hakuwa na kanda hata moja, alikuwa anatazama habari tu. Yeye akatia kanda. Ikaingia, ikalia tak, picha haikuja, chombo kikazima chenyewe. Tangu hapo kila akiwasha inanguruma kidogo na kuzima.

"Kanda ya nini?" Fundi akauliza.

"Ya baba. Alikuwa kinyozi. Siku aliyofunga duka lake la kunyolea watu walimrekodi, anasimulia habari za wateja wake. Picha zake ninazo tele, Fundi. Sauti yake iko humo tu, hakuna kwingine. Wanangu hawajawahi kuisikia."

Fundi akaweka kiganja juu ya chombo, kama anavyompima mtoto homa. "Itatoka nzima," akasema. "Nitaitoa mimi mwenyewe."

Alipoondoka nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita alimimina chai kwenye kikombe cha bisibisi. Akakasirika, akaninyooshea mkono.

"Tuwekeane ahadi, Karani. Nikiitoa kanda hii nzima, sitaki tena kusikia neno daktari. Nikiikata, nafunga kibanda na unipeleke unakotaka."

Nimemshika mkono, tumeahidiana. Sasa nimekaa hapa sijui niombe nini. Kanda ikitoka nzima, mume wangu atakuwa kipofu. Ikikatika, mama wa watu amempoteza baba yake mara ya pili. Nimeomba nusu nusu, na sioni fahari kuandika hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeifungua. Ilikuwa imechomolewa tangu Alhamisi, kwa sababu Fundi anasema televisheni hizi huficha umeme tumboni hata baada ya kuchomolewa. Akanionyesha sehemu nisiyoruhusiwa kugusa hata nikiambiwa na yeye.

Yeye ni mikono, mimi ni macho. Ana desturi yake: kila skrubu inayotoka huwekwa kwenye trei ya mayai, shimo la kwanza, la pili, la tatu, kwa mfuatano wa kutoka, ili wakati wa kurudisha aanzie mwisho kurudi mwanzo. Amefanya hivyo maisha yake yote. Tukatoa za kifuniko cha nyuma, kisha za mtambo wa video, tukautoa mtambo wote na kanda yake tumboni.

Akapitisha kidole ndani. "Aliyekuwa humu kabla yangu ni mchinja kuku," akasema. "Gusa nyaya hizi, zimefungwa kama mzigo wa kuni. Huyu hakufundishwa na mtu. Huyu alifundishwa na njaa."

Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko. Fundi ana desturi nyingine: kila chombo anachokifungua, huandika kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko, tarehe na alama yake, duara lenye nukta katikati. Nikageuza kifuniko kwenye mwanga. Duara lilikuwepo. Nukta ilikuwepo. Tarehe ni ya miaka mitatu iliyopita. Lazima ni kaka mtu aliyeileta wakati huo.

"Mbona kimya?" akaniuliza.

"Nasikiliza mvua," nikasema, nikakisimamisha kifuniko ukutani, maandishi yakitazama ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Balaa, na nimelileta mimi. Fundi alipokwenda kulala mchana nilifuta vumbi mezani. Trei ya mayai ilikuwa imekaa ovyo, skrubu moja hapa, mashimo mawili matupu, nyingine kule. Nikazipanga kwa urefu katika vifuniko viwili vya chupa, nikabandika karatasi: NDEFU, FUPI. Kwa ajili ya kumbukumbu naandika na hapa: ndefu saba, fupi tatu. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa nusu saa.

Aliporudi akapapasa trei, shimo baada ya shimo.

"Karani. Ziko wapi?"

"Nimezipanga."

"Zilikuwa zimepangwa."

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akaniambia kwamba trei ile ndiyo kumbukumbu yake sasa, kwa kuwa macho hayamkumbushi tena kitu, nami nimeipangusa kama makombo. Nilimwambia naomba radhi. Akasema skrubu si barua za wizara. Hatukuzungumza mpaka chakula cha jioni, na hata hapo ilikuwa nipe chumvi.

Jumanne, 11 Machi

Amenisamehe. Yaani amenitania. Amesema nikifa atanipanga kwa urefu.

Ana hakika ugonjwa ni mpira mwembamba unaozungusha mtambo. Umelegea, nami nimeuona kwa macho yangu. Amempigia simu muuza vipuri.

Alhamisi, 13 Machi

Mpira haujaja. Barabara ya chini imejaa maji.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mpira haujaja. Fundi amemtukana mchinja kuku mara mbili kabla ya chai.

Jumatatu, 17 Machi

Kama juzi, ila mara nne.

Alhamisi, 20 Machi

Mpira umekuja ndani ya bahasha iliyolowa. Tumeuvisha. Vidole vyake bado vinajua kazi, nilikuwa namwelekeza tu kushoto au kulia. Kisha tukarudisha kila kitu. Skrubu nilizirudisha mimi, ndefu na fupi, kila tundu likapata yake na hakuna iliyobaki mezani. Nilijivuna, na nikamwambia hivyo. "Unaona? Mpangilio wangu haukuua mtu."

Akawasha. Ikanguruma. Tak. Akachomoa waya papo hapo.

Alikaa mbele ya kile chombo, mkono ukiwa bado umeshika plagi. Hakumtukana mchinja kuku. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu, 24 Machi

Mshonaji amepita. Kuna mtu amemwambia dawa ni kuikata kanda, kuitoa vipande, kisha kuiunga.

"Na pale panapokatwa?" Fundi akamuuliza.

"Panapotea kidogo."

"Kidogo cha baba yako ni kipi ambacho hukitaki?"

Mshonaji akasema basi, atasubiri. Fundi anajua kuongea na watu. Nilikuwa nimesahau, kwa sababu mimi hupewa ubishi tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua mchana kutwa. Paa la kibanda linavuja juu ya redio tatu. Tumezihamisha.

Jumanne, 1 Aprili

Nilitoka kwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta Fundi ameifungua tena peke yake, kwa kupapasa. Skrubu sita za kifuniko zilikuwa kwenye trei, moja moja ndani ya mashimo yake. Alikuwa ameingiza mkono wa kushoto ndani ya mtambo, na mkono wa kulia ameshika koleo la kukatia, limefunguka.

Nikaona alichoshika katikati ya vidole. Ni kanda. Utepe mweusi wenyewe, amekwishauvuta nje ya njia yake, na koleo liko umbali wa kucha moja.

Nilisema jina lake. Sijalitumia miaka mingi, nasema Fundi kama watu wengine. Akaganda.

"Weka koleo chini," nikasema. "Sasa fungua vidole vya kushoto, polepole. Usivute."

Akafanya. Utepe ukarudi mahali pake, umekunjika sehemu moja, lakini mzima. Niliutazama kwa tochi, urefu wote unaoonekana. Mzima.

"Nilidhani ni uzi," akasema. "Nilidhani ni uzi umejisokota ndani ndio unaokwamisha. Nikasema nimeupata. Nilifurahi, Karani."

Nilikaa chini karibu naye, tukasikiliza maji yanayodondoka kwenye ndoo. Nilikuwa na hasira naye, tena hasira kubwa, lakini huruma ilikuwa kubwa zaidi, na sikujua nianze na ipi. Nikamtengenezea chai. Nikaimimina mwenyewe.

Jambo moja nimelijua leo: ile nusu ya dua niliyokuwa naombea kanda ikatike, naiondoa. Siitaki tena, hata kwa ajili ya macho yake.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikuwa na la kufanya, nikawa nasoma daftari hili kuanzia mwanzo. Nimefika tarehe tisa Machi. Ndefu saba, fupi tatu.

Nikatazama trei. Kifuniko cha nyuma kina matundu sita, na skrubu ndefu sita zilikuwa pale alipoziweka Fundi juzi. Basi ndefu ya saba iko wapi? Mtambo wa video umeshikwa na skrubu nne, moja kila kona. Fupi ni tatu.

Fundi alikuwa amelala kwenye kiti. Nilichukua bisibisi nikaanza kona ya kwanza. Fupi. Ya pili, fupi. Ya tatu, fupi. Ya nne, kona ya nyuma kushoto, ilizunguka, ikazunguka, haikuisha kutoka. Ndefu. Na mimi ndiye niliyeirudisha pale kwa mkono wangu, siku ile ya kujivuna.

Nikamulika tundu lake. Ncha ya skrubu ilipokuwa humo ilitokeza upande wa pili, penye mkono wa plastiki unaobeba kanda. Mkono una mchubuko mweupe. Kuingia, mota iliusukuma ukapita kwa nguvu, ndiyo ile tak. Kurudi haukuweza.

Kwa hiyo si mpira, si uzi. Ni skrubu ya kifuniko kwenye tundu la mtambo, na iliwekwa humo na mtu aliyeandika duara lenye nukta.

Nina skrubu mkononi na sijui nifanye nini. Naweza kutafuta fupi kwenye makopo yake, nikaiweka, nikamwambia ajaribu tena. Kanda itatoka. Atatembea mtaani kifua mbele, na neno daktari litakuwa limekufa nyumbani kwetu. Au nimwambie. Naye hana kitu kingine alichobaki nacho ila kazi yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Sijamwambia. Leo mchinja kuku amepewa jina jipya, Fundi wa Vyungu. Nilicheka kidogo, nikaenda nje kwenye mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia.

Baada ya chai nilisema, "Fundi, nimelipata tatizo. Lete kiganja." Nikamwekea skrubu ndefu. Kisha kando yake nikamwekea fupi. Akazipima kwa ukucha wa kidole gumba.

"Hii ndefu imetoka wapi?"

"Kwenye mtambo. Kona ya nyuma kushoto."

Uso wake ulifunguka. Sijauona hivyo tangu mwaka jana. "Ndiyo hiyo! Inagusa mkono wa kanda. Inagusa, sivyo?"

"Inagusa. Pamechubuka."

"Sikukwambia? Sikukwambia yule ni mchinja kuku? Mtu anachukua skrubu ya kifuniko, analazimisha kwenye mtambo, haoni tofauti. Ana macho ya nini huyo?" Alikuwa amesimama sasa. "Hata fundi mbaya huandika kwenye kifuniko. Hebu angalia, Karani. Nataka kumjua. Nitamwendea kwa miguu yangu."

Nikakusanya vikombe vya chai.

"Hakuandika?"

"Ameandika."

"Nani?"

Nilikichukua kifuniko pale ukutani. Nilikuwa na wiki nne za kutafuta maneno na sikuwa nayo. "Ni duara," nikasema. "Lina nukta katikati."

Akakaa. Mvua ilikuwa imepungua, ikawa inasikika moja moja juu ya bati. Akaniomba tarehe, nikamsomea.

"Mwaka ule," akasema, "nilibadilisha balbu ya kibanda mara tatu. Nilikwambia balbu za siku hizi hazina nguvu."

"Nakumbuka. Ulimrudishia muuza duka mbili."

"Zilikuwa nzima?"

"Zote."

Akaizungusha ile skrubu vidoleni. "Umejua tangu lini kwamba ni mimi niliyefungua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukaniacha nimtukane wiki zote hizi."

"Ulikuwa unafurahia sana."

Nilidhani atalia, na machozi yalikuja kweli, lakini kilichotangulia ni kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga meza, akarudia "alifundishwa na njaa", akacheka upya. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja. Mabega yangu, yaliyokuwa juu karibu na masikio tangu mwezi wa tatu, yakashuka.

Kisha akasema, "Toa kanda, Karani. Zungusha gia ya pembeni kwa kidole. Ukisikia ugumu, acha."

Nilizungusha. Hakukuwa na ugumu. Utepe ulirudi ndani taratibu, mkono wa plastiki ukapita pale penye mchubuko bila sauti yoyote, na kanda ikainuka, ikasogea mdomoni, ikatoka. Nikamwekea Fundi mapajani. Akaipapasa pande zote.

"Imetoka nzima," nikasema. "Umeshinda. Ahadi ni ahadi, sitamtaja daktari."

"Wewe usimtaje," akasema. "Nitamtaja mimi. Huyo mchinja kuku apelekwe hospitali kabla hajafungua chombo cha mtu mwingine."

Jumanne, 8 Aprili

Tumesafisha kichwa cha kusomea kanda kwa spiriti, tumetia skrubu fupi ya nne, na mshonaji amekuja kuona kabla ya kuchukua mzigo wake. Fundi alitaka aitie kanda mwenyewe. Ikaingia. Hakuna tak.

Kinyozi akatokea, mtu mfupi mwenye koti jeupe, anasimulia juu ya mteja aliyenyolewa upande mmoja, umeme ukakatika, ikabidi arudi kazini na kofia siku mbili. Mshonaji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakulia mpaka baba yake alipocheka. Fundi alikuwa amegeuza sikio, kwa sababu yeye kioo kwake ni mwanga tu.

Katikati ya maneno mstari mweupe ulipita na sauti ikakwaruza, kisha ikarudi.

"Hapo ndipo nilipoikunja mimi," Fundi akasema. "Na skrubu iliyokwamisha ni mimi niliyeiweka, miaka mitatu iliyopita. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu."

Mshonaji akamtazama, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha kushonea. "Fundi," akasema, "mimi nimewahi kumshonea bibi harusi mikono miwili ya kushoto. Niache nisikilize."

Ijumaa, 11 Aprili

Hospitali wametupa tarehe. Fundi ameniambia nimsomee karatasi mara tatu. Anaogopa. Amesema hivyo hivyo, "Naogopa", na ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Alhamisi, 24 Aprili

Jicho la kulia. Upasuaji umekwisha kabla sijamaliza kuhesabu vigae vya chumba cha kusubiri. Muuguzi anasema amewasumbua kwa maswali kuhusu mashine yao.

Ijumaa, 25 Aprili

Wametoa bandeji. Alinitazama kwa muda, akasema, "Kumbe umezeeka." Nikamwambia na yeye atafutiwe kioo. Muuguzi alicheka, akatuonyesha matone ya dawa na saa za kuyatia. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia kwa raha, kisha nikapika.

Alhamisi, 1 Mei

Matone, mara nne. Amegundua utando wa buibui ambao mimi karani mzima sikuuona.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya sita bila mvua. Tarehe ya jicho la kushoto imepangwa. Tumefungua kibanda, na meza imekauka.

Nilikuwa naandika tarehe ya leo Fundi alipoweka mkono juu ya daftari, akalivuta upande wake, akalirudisha hadi ukurasa wa kwanza. Akalishika mbali na uso, akasoma kwa sauti: "Fundi hukoroma akiwa amekaa, kisha hubisha." Akanitazama juu ya miwani nyeusi. "Hii ndiyo orodha ya vifaa?"

Nikachukua kitambaa. Akaendelea kusoma, kimya sasa, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi nikawa nafuta vumbi ambalo halikuwepo. Nilijua kilichoko tarehe sita Machi. Nilijua alipofika hapo, kwa sababu kidole kilisimama chini ya mstari, ule wa kuomba nusu nusu. Kilikaa pale muda mrefu. Kisha akageuza, akasoma mpaka mwisho.

Aliporidhika alirudi kwenye ukurasa ule ule wa tarehe sita. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika chini kabisa tarehe ya leo, na kando yake duara lenye nukta katikati. Akanirudishia daftari langu, akachukua redio ya kwanza iliyolowa, akaomba bisibisi.

Naandika haya nimefunika ukurasa kwa mkono wa kushoto, naye yuko upande wa pili wa meza, ananyoosha shingo.